Unakwenda kwa mdogo wako, lakini nyumba ina wenyewe

Swali: Mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimlea kwa miaka kadhaa mama yetu alipokuwa mgonjwa, alihamia jiji la mbali kikazi miaka mingi iliyopita. Baadaye alioa, na sasa ana watoto wawili, wa kwanza ana miaka 6 na wa pili miezi 10. Sijawahi kufika katika jiji hilo, na mke wake nimekutana naye mara mbili tu, harusini na msibani. Nimepanga kwenda kukaa kwao siku 14. Mdogo wangu anasema nisiwaze, atachukua likizo anitembeze. Wifi yangu husema tu "karibu sana" kisha humrudishia simu mumewe. Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala. Nifanye nini nisiwe mzigo kwao, na nitatembeaje katika jiji nisilolijua bila kumsumbua mtu?

Jibu: Dada yangu, umeuliza maswali mawili kana kwamba moja ni la nyumbani na jingine ni la barabarani, lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikizungumza na familia nimeona kuwa ni swali moja. Mgeni asiyeweza kutoka peke yake akafika dukani na kurudi huwaweka wenyeji wake kazini tangu wanapoamka hadi wanapolala, kwa sababu hawapati hata saa moja ya kuwa peke yao, ya kutofautiana kidogo, kujilaza mchana au kukaa kimya bila kulazimika kujieleza. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye mtoto wa miezi 10, hilo huchosha kuliko shuka za kufua na sahani za kuongeza mezani.

Nianze na ile "karibu sana" ya wifi yako, kwa kuwa naona imekukaa moyoni. Mimi siisomi kama ubaridi. Safari hii ilipangwa na watu wawili waliozaliwa tumbo moja, na yeye, ambaye ataamka usiku kumbembeleza mtoto huku mgeni amelala upande wa pili wa ukuta, aliletewa taarifa. Mtu aliyeletewa taarifa hana la kujibu ila karibu. Mpigie wewe mwenyewe, kwenye simu yake na si ya mumewe, na usimuulize kama utawasumbua, kwa maana swali hilo lina jibu moja tu na nyote wawili mnalijua. Muulize mambo yanayojibika: mtoto hulala mchana saa ngapi, asubuhi bafu hutumika kwa zamu ipi, mkubwa huondoka saa ngapi kwenda shule, na nani atahama kitanda ili wewe upate pa kulala.

Swali hilo la mwisho uliulize waziwazi. Katika nyumba ya namna hiyo lazima kuna atakayehama, na mara nyingi huwa ni mtoto wa miaka 6, ambaye hakuna aliyemshauri. Asipohama yeye, utalala sebuleni, na hapo wenye nyumba watakuwa wakinyata kwao wenyewe, kwani asiyetaka kumwamsha mgeni hawezi kuwasha taa, kuangalia taarifa ya habari wala kutembea na mtoto anayelia saa tisa za usiku. Ukijua mapema utaweza kusema, kwa mfano, kwamba unaamka mapema na godoro utalikunja mwenyewe kabla ya watoto hawajatoka chumbani. Ahadi ndogo kama hiyo, ikitimizwa kila siku, humtuliza mwenye nyumba kuliko zawadi.

Kuhusu siku 14, nitasema ninavyoona. Ni nyingi. Kaa kwao usiku 7, na kama bado unazitaka zile siku nyingine, zitumie katika nyumba ya kulala wageni iliyo karibu, ambako utakuja kwao kwa miguu mchana na kuondoka jioni. Najua mdogo wako anaweza kulipokea hilo kama tusi, hasa akikumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimfunika shuka. Kwa hiyo usimwambie ukiwa umeshafika, wala usimwambie yeye kwanza ili akamfikishie mkewe. Waambie wote wawili kwa pamoja kabla hujakata tiketi, na sababu uitaje ilivyo: kwamba unataka mtoto mkubwa arudi kitandani kwake, na kwamba unapenda kulijua jiji kwa mwendo wako. Wakikataa kabisa, punguza siku badala ya kubishana.

Usiku wa kwanza utalala vibaya, na si kosa la godoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba mtu anapolala mahali pageni kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa ubongo wake haulali usingizi mzito kama mwenzake. Hubaki ukisikiliza, kana kwamba umewekwa zamu. Utaamka asubuhi ukiwa na uchovu na hasira fupi, na utadhani ni nyumba imekuudhi. Siku hiyo usilete mazungumzo mazito, si ya kiwanja cha familia, si ya matibabu ya mama, si ya kwa nini mdogo wako hapigi simu siku hizi. Subiri siku ya tatu.

Sasa niguse jambo ambalo hukuliuliza, ingawa liko kwenye sentensi yako ya kwanza. Umeandika kwamba ulimlea. Ni kweli na ni heshima yako, lakini ndilo litakalokuponza usipoliangalia, kwa sababu mtu mzima akikutana na aliyemlea, wote wawili huteleza na kurudi kwenye nafasi zao za zamani bila kujua. Utamwambia avae sweta. Naye ataacha sahani mezani akijua itaondolewa, jambo ambalo pengine hajalifanya tangu aoe, na mkewe atakuwa anatazama. Daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya familia, aliyafikiria sana mambo haya, hata akawahimiza waliokuwa wakijifunza kwake wafunge safari kwenda kwa jamaa zao na kujitazama wakiwa huko, wasiende kuwarekebisha wengine. Ndiye pia aliyeeleza habari ya pembetatu: watu wawili wakiwa na mvutano ambao hawawezi kuubeba, humvuta mtu wa tatu ili mzigo ugawanyike.

Mtu wa tatu aliye karibu kuliko wote, katika wiki utakayokuwa pale, ni wewe. Haitakuja kwa sura ya ugomvi. Mtakuwa mnatembea na mdogo wako, atapunguza mwendo, na atasema kwamba mkewe siku hizi amebadilika. Au wifi yako, mkiwa mnakunja nguo za mtoto, atauliza kwa utani kama mumewe alikuwa hivyo tangu utotoni. Hapo dada mkubwa huhisi amepewa heshima, na ndipo huharibu. Jibu ninalolipendekeza ni fupi, "Umemwambia mwenyewe?", kisha uendelee kukunja nguo. Ukitoa hukumu upande wowote, utaondoka na begi lako na hukumu itabaki pale.

Mimi pia ni dada wa mtu, na somo hili nililipata kwa aibu. Nilikwenda kwa kaka yangu mtoto wao wa kwanza alipokuwa na miezi michache, na siku ya pili, wenye nyumba wakiwa kazini, nikaona niwasaidie kwa kupanga upya kabati la vyombo. Nililipanga vizuri: vikubwa chini, vidogo juu, mifuniko pembeni. Jioni wifi yangu aliingia jikoni, akafungua mlango wa kushoto, akaufunga, akafungua wa kulia, akasimama, akarudi kwenye wa kushoto. Alikuwa anatafuta chujio. Hakusema neno, wala mimi sikusema, na kwa siku zote zilizobaki nilikuwa nasikia milango ya kabati lile ikifunguliwa mara mbilimbili. Nilikuwa nimemfanya awe mgeni jikoni kwake.

Ile methali ya mgeni na jembe unaijua, na wengi huitaja kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi huwaonya zaidi wageni wachapakazi. Jembe hupewa, halichukuliwi. Muulize wifi yako ni kazi gani moja akiifanya mtu mwingine atapumua, na ukishatajiwa, ifanye hiyohiyo kwa namna anavyoifanya yeye, hata kama unaijua njia bora. Ikiwa ni kuosha vyombo, viache kwenye kichanja akaushe na kupanga mwenyewe hadi utakapokuwa umeona mara tatu kila kimoja kinakokwenda. Akisema hakuna kazi, usilazimishe siku hiyo. Muulize tena kesho yake, akiwa amembeba mtoto mkono mmoja na simu inaita.

Kwa mtoto wa miezi 10 nakuomba usijipe huzuni isiyo na sababu. Huenda ukanyoosha mikono mlangoni, na yeye akageuza uso na kulia kana kwamba ameona jambo la kutisha. Woga wa wageni huanza kwa watoto wengi kati ya miezi 6 na 9, na huzidi kukolea kuelekea mwaka wa kwanza, kwa sababu sasa anazitambua nyuso anazoziamini na anajua kwamba yako si mojawapo. Ni dalili ya kukua. Hakuna aliyemfundisha kukukataa, na wala hajui kwamba wewe ni shangazi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, katikati ya miaka ya 1950, alizitembelea familia nyumba kwa nyumba nchini Uganda, akiketi na akina mama na kutazama jinsi watoto walivyojongea mbali nao na kurejea. Kutokana na hayo, na kazi aliyoifanya baadaye Marekani, alieleza jinsi mtoto anavyomtumia mzazi kama kituo salama cha kuanzia safari zake ndogo. Maana yake kwako ni kwamba njia ya kumfikia mtoto inapita kwa mama yake. Keti sakafuni karibu na mama, ubavu wako ukimwelekea mtoto badala ya uso, usimtazame machoni, zungumza na mama kwa sauti ya kawaida, na uwe unachezea kitu chochote kinachobingirika, hata kifuniko kikubwa cha chupa. Atakuja. Atagusa kifuniko, atamwangalia mama, atarudi kwa mama, kisha atakuja tena. Mara ya kwanza akikaribia, usimbebe. Wanaombeba hapo hulazimika kuanza upya siku inayofuata.

Kuna jambo moja la mtoto huyu ambalo silisemi kwa upole: mkoba wako. Mtoto wa umri huo anatambaa, anajiinua kwa kushika vitu, na kila anachokipata hukipeleka mdomoni. Nyumba ya wazazi wake imeshazoea hilo na dawa zao ziko juu, lakini mgeni huingia na begi lenye vidonge vya presha, sarafu, peremende na labda betri ndogo za duara, akaliweka chini kando ya kochi. Betri hizo zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa 2. Kabla hujaketi siku ya kwanza, omba mahali pa juu pa kuweka mkoba, na uwe unaurudisha papo hapo kila unapoutumia.

Yule wa miaka 6 ni habari nyingine, na kwake ndiko tunakotokea barabarani. Mpe karatasi na kalamu, umwombe akuchoree njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Hatachora majina ya mitaa. Atachora mbwa aliye nyuma ya geti, ukuta wenye rangi fulani, mahali walipoanguka na baiskeli, na ngazi ambazo baba huzipanda mbilimbili. Usicheke, maana hivyo ndivyo hata watu wazima wanavyolibeba jiji kichwani. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji, alichapisha mwaka 1960 matokeo ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles kuhusu picha ya jiji waliyonayo akilini, na akaona kwamba picha hiyo hujengwa kwa vitu vya aina tano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Mgeni hukosea kwa kuanza na majina ya mitaa, ambayo wenyeji wenyewe hawayatumii sana.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kutembea tafuta vitu vitatu tu. Ukingo mmoja usioweza kuuvuka bila kujua, kama mto, reli au barabara kuu, ili ukiufikia ujue umepitiliza. Njia moja kubwa inayopita karibu na nyumba. Na alama moja ndefu inayoonekana kutoka mbali. Mwombe mdogo wako mtoke pamoja mara moja, lakini mkifika mwisho wa matembezi umwambie asikuongoze kurudi: wewe utangulie, yeye afuate nyuma na anyamaze hata ukikosea kona. Utakosea, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ya kwenda. Makutano uliyoyaona kwa mbele sasa unayaona kwa mgongo. Dawa yake ni kugeuka na kutazama nyuma katika kila kona wakati wa kwenda. Baada ya zoezi hilo moja la nusu saa, wengi ninaowashauri hivi huweza kutoka peke yao kesho yake, mchana, saa ambazo magari na watu si wengi.

Pakua ramani ya jiji kwenye simu kabla ya kusafiri ili ifanye kazi bila intaneti, lakini usiiamini kupita kiasi katikati ya majengo marefu, ambako mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kurudi, na kile kidoti kinachoonyesha ulipo huruka kikatua mtaa wa pili. Anwani ya nyumba, jina la kituo cha kushukia na namba za simu za wenyeji wote wawili uziandike kwenye karatasi, kwa maandishi yanayotumika katika jiji hilo kama si haya yetu, kwa sababu simu yenye kila kitu ikizima chaji inakuwa kipande cha kioo. Ukipanda basi au treni, kujua namba ya njia hakutoshi. Ujue jina la kituo cha mwisho cha pande zote mbili, kwani wageni wengi waliopotea walipanda basi lilelile walilotakiwa kupanda, ila likielekea kusiko. Ukihisi umepotea, usisimame ukingoni mwa barabara ukiinamia simu. Ingia mahali penye mtu anayefanya kazi palepale kila siku, duka la dawa kwa mfano, umuulize yeye.

Siku ya kuwasili upange ufike mchana, na ufikirie atakayekuja kukupokea. Ikiwa ni wifi yako na watoto wawili, chombo kikichelewa saa 2 utakuwa umeanza ugeni kwa deni. Mwambie mdogo wako kwamba teksi unaiweza, nao wakusubiri nyumbani.

Na ile likizo anayotaka kuichukua, mkatalie kwa upendo. Siku mbili zinatosha, tena ziwe za katikati, si za mwanzo. Siku za likizo za mtu mwenye watoto wawili si zake peke yake. Huenda mkewe alikuwa amezihesabia jambo jingine, na hawezi kulisema mbele ya dada wa mumewe. Zile ambazo hatakuwepo utazigawanya mwenyewe: asubuhi toka wakati mtoto analala, rudi mchana ukiwa na la kusimulia, jioni uwe nyumbani watoto wanapokuwepo. Saa mbili au tatu za nyumba kubaki na wenyewe kila siku zitamfanya wifi yako afurahie kukuona ukirudi.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Siku ya kwanza waambie wote wawili kwamba utachangia matumizi, kisha usisubiri kiasi kitajwe. Angalia ni vitu gani huisha haraka katika nyumba ile na uvinunue unaporejea matembezini. Usimpe mtoto mkubwa fedha wala kifaa chochote bila kuwauliza wazazi kwanza, hata kama ameomba kwa macho ambayo baba yake alikuwa akikuombea zamani.

Siku ya kuondoka muulize wifi yako kama shuka uzitandue au uziache, na urudishe kila ulichoazimwa mahali ulipokikuta. Ukishafika kwako salama, simu ya kwanza mpigie yeye. Mdogo wako atapata habari kutoka kwake.